Ardhi Isafishwayo Yataka Daftari

Mvua ya masika inapomiminika juu ya kilima cha Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, maji hayakawii kilimani. Huteremka kwa kasi katika mifereji, yakapita kando ya nyumba mpya na za zamani, yakazoa udongo, majani, majivu ya jikoni, mafuta yaliyomwagika gereji na kila kitu kilichotupwa ovyo, kisha yakatua bondeni. Na bondeni siyo mwisho wa safari. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia mto Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huenda kuwa Akagera, na Akagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Hivyo tone lililoanzia uani kwa mtu wa Kinyinya laweza kumaliza safari yake katika wavu wa mvuvi wa Bukoba.

Wengi wa wasomaji wetu wamezoea maisha ya uhamisho. Leo askari au polisi yumo katika kituo hiki, kesho amepewa barua ya kwenda kingine, na mkewe na watoto hufungasha vyombo na kufuata. Nyumba mpya hukaguliwa paa, milango na choo. Ni nadra sana mtu kuuliza: je, ardhi hii ilikuwa na nini kabla yetu? Palikuwa na kiwanda? Palikuwa na jalala? Palikuwa na gereji ya kuvunja betri? Na kama palisafishwa, ni nani aliyepima akahakikisha kwamba pamesafika?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa Kinyinya, kwa sababu kilima hicho kimechaguliwa kuwa mahali pa mradi wa Mji wa Kijani wa Kigali, katika eneo linalozidi hekta 600. Wakati huohuo mabonde ya jiji yanasafishwa na kurudishiwa majani na miti yake. Fedha nyingi zinatumika. Ni haki basi mwananchi aulize, bila ukorofi wala dharau: tumepata nini? Na jibu lisiwe la kukisia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Usafi wa ardhi nao ni mali.

Kilichofichwa na tope

Kwa miaka mingi bonde la Gikondo lilikuwa makao ya viwanda, maghala na gereji zilizojengwa ndani ya kinamasi chenyewe. Serikali iliamua shughuli hizo zihame, na viwanda vingi vikaelekezwa katika eneo maalum la kiuchumi huko Masoro, wilayani Gasabo. Sasa Gikondo, pamoja na vinamasi vya Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo, vimo katika mpango mmoja wa ukarabati. Vyote vitano kwa jumla vinazidi hekta 480.

Mtu apitaye barabarani huona mabati yameondolewa na nyasi zimeota, akasema, "Pamesafika." Lakini jicho ni shahidi mdogo katika kesi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu kinamasi cha Nyabugogo ulichunguza madini ya kadimiamu, kromiamu, shaba, risasi na zinki katika maji, katika tope, katika mafunjo na katika samaki. Ulionyesha kwamba mafunjo hukusanya madini hayo, na kwamba sehemu kubwa hukaa mizizini.

Habari hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa shukrani: yale mafunjo tuliyoyadharau kuwa magugu ni watumishi wanaochuja maji usiku na mchana bila mshahara. Upande wa pili ni wa tahadhari: sumu iliyoshikwa na mzizi haijatoweka duniani. Mtu akiung'oa mzizi ule, akalima pale mboga au akachoma mabua, anaifungulia mlango itoke tena. Maganda ya ndizi huoza yakawa mbolea, lakini risasi na kadimiamu haziozi. Zitabaki palepale miaka mia, au zitahama, ila hazitakufa.

Kwa hiyo kusafisha ardhi kwaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali mbali. Kwanza, kuiondoa sumu na kuipeleka mahali pengine palipotengenezwa kwa ajili yake. Pili, kuifunika na kuifunga ili isimfikie mtu. Tatu, kuiachia mimea na viumbe vidogo vya udongo kazi ya kuishika au kuivunja pole pole. Kila njia ina gharama yake na muda wake, na kila moja yataka kipimo chake. Anayetangaza kwamba amesafisha bila kutaja njia aliyoitumia ni kama mpishi anayesema "nimepika" bila kusema ni wali au ugali.

Somo la wategua mabomu

Katika jambo hili askari ana elimu ambayo raia wengi hawana. Baada ya vita vya 1990 hadi 1994, ardhi ya Rwanda ilibaki na mabomu yaliyotegwa mashambani, milimani na kandokando ya njia. Askari wa nchi walifundishwa kuyategua, wakafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mnamo Desemba 2009, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Cartagena, nchini Colombia, Rwanda ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini.

Tuangalie jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kwanza hupatikana habari na kuchorwa ramani ya mahali panapotiliwa shaka. Pili mipaka huwekewa alama ambazo kila mtu ataziona. Tatu huja utegaji-sikio na utafutaji wa hatua kwa hatua, mstari kwa mstari. Nne huja ukaguzi wa mtu mwingine, asiye yule aliyesafisha. Tano huandikwa hati, na ardhi hukabidhiwa kwa wenyeji. Hapo ndipo mkulima hutia jembe lake na mtoto akafuata mbuzi bila hofu.

Angalia pia kipimo chao. Faida ya kazi ile haikuhesabiwa kwa uzito wa vyuma vilivyochimbuliwa wala kwa bei ya vifaa. Ilihesabiwa kwa mita za mraba ambazo mtu aweza kuzikanyaga, kwa mashamba yaliyorudi kulimwa, kwa njia zilizofunguliwa na kwa miguu isiyokatika. Kama mtu angetangaza kwamba eneo limesafishwa bila ramani, bila alama na bila hati, hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe apite. Mbona basi tunakubali neno tupu kuhusu udongo wenye sumu, eti kwa sababu wenyewe haulipuki?

Somo kuu ni hili: lazima kuwe na kabla ili kuwe na baada. Kabla trekta la kwanza halijaingia bondeni, mtaalamu hana budi kuchukua udongo kutoka sehemu nyingi, siyo mahali pamoja tu. Achukue wa juu, ambao mtoto huuchezea, na wa chini zaidi, ambako mizizi hufika. Apime maji wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kwa kuwa kijito kinachoonekana safi mwezi wa Julai chaweza kuwa kitu kingine mwezi wa Aprili. Hayo yote yaandikwe pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyepima. Baada ya kazi kumalizika, vipimo vilevile virudiwe mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka.

Tena yafaa pawepo bonde la kulinganishia, yaani bonde jingine lililo karibu kufanana na lile, ambalo halijasafishwa bado. Sababu yake ni nyepesi. Tuseme bonde limesafishwa, na katika miaka mitatu watoto wanaougua malaria wamepungua. Je, sifa ni ya bonde? Huenda katika miaka hiyohiyo vyandarua vimegawiwa na nyumba zimepuliziwa dawa mji mzima. Tukilitazama bonde jirani na kukuta kwamba huko nako malaria imepungua kwa kiasi kilekile, itatubidi tukiri kwamba sifa si ya bonde. Lakini kama huku imepungua zaidi kuliko kule, hapo tuna neno la kusema. Vivyo hivyo kwa mafuriko: haitoshi kusema mwaka huu barabara haikukatika, mpaka tujue kama mvua ya mwaka huu ilikuwa sawa na ile iliyoikata zamani.

Ndege, maji na taa

Kigali ina mahali ambapo msomaji aweza kwenda na jamaa zake akaona kwa macho jinsi bonde lililoharibika linavyofufuka. Mahali hapo ni hifadhi ya Nyandungu, kinamasi cha hekta 121 karibu na njia iendayo uwanja wa ndege. Kazi ilianza mwaka 2016, na hifadhi ikafunguliwa kwa watu wote mwezi wa Julai 2022. Miti zaidi ya 17,000 ilipandwa, mingi ikiwa ya asili ya nchi, na yapo mabwawa ya kupokea maji, njia za kutembelea kwa miguu na kwa baiskeli, na bustani ya mimea ya dawa.

Hifadhi kama hiyo hupimwaje? Wengi wangekimbilia kuhesabu miti iliyopandwa. Lakini mti uliopandwa si mti ulioishi. Kipimo cha haki ni miti iliyo hai baada ya miaka mitano, na ndege, vyura, samaki na kerengende waliorudi wenyewe bila kualikwa. Viumbe hao ni mashahidi wasioweza kuhongwa. Kuna wadudu wadogo wa majini ambao hawawezi kuishi katika maji machafu hata siku moja. Wakionekana chini ya mawe ya kijito, wametoa ushahidi ambao chupa moja ya maji iliyopimwa mara moja haiwezi kuutoa.

Mfano mwingine ni wa korongo wenye taji, ambao Wanyarwanda huwaita imisambi. Ndege hawa wapenda vinamasi walikuwa wamepungua mno, wengine wakiwa wamekamatwa na kufugwa katika bustani za mahoteli na za watu binafsi. Hesabu ya mwaka 2017 iliwakuta 487 porini. Ile ya mwaka 2021 iliwakuta 881. Ni furaha kubwa, ila mpimaji mwaminifu hujiuliza: wangapi wameongezeka kwa sababu vinamasi vimepona, na wangapi kwa sababu wale waliofugwa walirudishwa porini na watu wakafunzwa kutowakamata tena? Kuuliza hivyo si kupunguza furaha, bali ni kujua jembe lipi limelima, ili kesho lilime tena.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote unatoka kaskazini ya nchi, katika kinamasi cha Rugezi. Huko hapakuwa na sumu ya viwanda. Uharibifu ulikuwa wa kukausha na kulima. Lakini hesabu yake yatufundisha wote. Maji ya Rugezi huingia ziwa Burera, na kutoka Burera huteremka kuzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka kabla ya kuingia ziwa Ruhondo. Kinamasi kilipokaushwa ziwa likapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 umeme wa Ntaruka ukaanguka. Nchi ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli, ambayo gharama yake ilifikia dola 65,000 kwa siku moja. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi, ikapandisha majani na miti kandokando yake, na maji yakarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Wataalamu wanakiri kwamba ukame na uangalizi hafifu wa mitambo navyo vilichangia upungufu ule. Hata hivyo hapa pana jambo ambalo kila mama wa nyumbani atalielewa: faida ya kinamasi ilionekana katika taa ya sebuleni. Fedha isiyotumika kununua dizeli ni faida, ingawa haikuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Wahasibu huiita gharama iliyoepukwa. Nyumbani twaijua siku nyingi: chandarua kilichonunuliwa ni dawa isiyonunuliwa.

Risasi isiyo na mlio

Lugha yetu imeliita kwa jina moja lile dude litokalo kwenye bunduki na yale madini laini, mazito, yanayotiwa ndani ya betri za magari. Yote mawili ni risasi. Tofauti ni kwamba ya bunduki hulia, na mtu hujilaza chini. Ile ya udongoni haina mlio. Huingia kwa vumbi, kwa vidole vilivyotiwa mdomoni, kwa mboga isiyooshwa, ikamdhuru mtoto akiwa anacheza kwa furaha. Madaktari wanakubaliana kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama. Hupunguza akili, huchelewesha kukua, huleta upungufu wa damu na ukaidi usioeleweka, na madhara yake katika ubongo hayarudishwi nyuma kwa dawa.

Watu wa pwani ya Kenya wameyaona hayo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 kando ya nyumba za watu. Mfanyakazi mmoja wa hapo, Bi. Phyllis Omido, aliona mwanawe mchanga anaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Alianza kupiga mbiu, akakamatwa, hakunyamaza. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 Bi. Omido akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufani mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024.

Msomaji aitazame kesi hiyo kwa jicho la daftari. Ni nini kilichowapa wakazi wale nguvu ya kusimama mbele ya majaji? Ni damu iliyopimwa, udongo uliopimwa, na karatasi zilizohifadhiwa. Mahali ambapo hapana kumbukumbu, mnyonge huwa na machozi tu, na machozi hayana namba ya jalada. Na je, ni nini kipimo cha kweli cha kusafisha Owino Uhuru? Tani za udongo zilizobebwa hazitoshi. Kipimo ni damu ya mtoto atakayezaliwa pale baadaye. Damu hiyo ikiwa safi, kazi imefanyika. Isipokuwa safi, kilichofanyika ni kuhamisha vumbi.

Nairobi nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira lilitoa taarifa kuhusu jalala la Dandora. Watoto 328 walichunguzwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiasi cha maikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita. Siku hizi madaktari wa Marekani huanza kuwa na wasiwasi kuanzia 3.5 tu.

Hapa yatupasa tujitazame wenyewe pia. Uwanja wa shabaha ni ardhi iliyochafuliwa. Kila mazoezi huacha risasi katika kinga ya udongo, na kila mlio hutoa vumbi jembamba linalokaa mikononi, katika nywele na katika sare. Askari arudiye nyumbani na kumnyanyua mwanawe kabla ya kunawa na kubadili nguo huleta nyumbani kile alichodhani amekiacha uwanjani. Na uwanja wa zamani ukigeuzwa kuwa mtaa wa nyumba au shule bila kupimwa, kosa la jana hurithiwa na watoto wasiokuwa na habari.

Nani afaidi, nani alipe

Hesabu ya faida haikamiliki bila kuuliza faida ni ya nani. Mwaka 2012 jalala kuu la jiji la Kigali lilihamishwa kutoka Nyanza ya Kicukiro na kupelekwa Nduba, katika wilaya ya Gasabo. Nyanza ilipata nafuu, na nafuu hiyo ina haki ya kuandikwa. Lakini daftari la uaminifu lina kurasa mbili. Ukurasa wa pili ni wa wale wanaoishi karibu na mahali taka zilipokwenda. Uchafu uliobadilishiwa anwani haujaisha. Faida ya nchi ni ile inayobaki baada ya kurasa zote mbili kujumlishwa.

Vivyo hivyo kuhusu watu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 familia nyingi za Kigali ziliondolewa mabondeni na katika sehemu za hatari. Mafuriko huua, na bonde haliwezi kupona likiwa limejaa nyumba. Jambo hilo halina ubishi. Hata hivyo fundi wa matofali aliyepoteza kazi, mama aliyekuwa akiuza mboga za bondeni, na mtoto aliyelazimika kubadili shule, nao ni sehemu ya gharama. Kuwasahau katika hesabu ni kuifanya faida ionekane kubwa kuliko ilivyo. Kuwakumbuka, wakalipwa na kupewa njia nyingine ya kuishi, ni sehemu ya usafishaji wenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao wataalamu wa uchumi wanaujua. Mara nyingi faida ya mahali safi hupimwa kwa kuuliza watu wapo tayari kulipa kiasi gani ili wapate bustani au maji safi, au kwa kutazama bei ya viwanja imepanda kiasi gani. Njia hizo zina manufaa yake, lakini zina kasoro. Mwenye fedha atataja kiasi kikubwa, na mke wa koplo mwenye watoto watano atataja kidogo, si kwa sababu mapafu ya wanawe hayana thamani, bali kwa sababu mkoba wake ni mwepesi. Na bei ya kiwanja ikipanda, mwenye kiwanja hucheka na mpangaji hufungasha. Ndiyo maana pamoja na fedha yafaa kuhesabu afya, siku za shule zisizopotea, maji yanayonyweka na usalama wa njia. Katika vipimo hivyo mtoto wa jenerali na mtoto wa mpangaji wana uzito mmoja.

Yafaayo nyumbani

Wakati wataalamu wanafanya kazi yao, nyumba nayo ina wajibu wake. Haya yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Unapohamia mahali papya, waulize wazee wa mtaa ardhi ile ilitumika kwa nini zamani. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu ni sawa na ramani. Kama palikuwa na gereji, kiwanda, jalala au uvunjaji wa betri, peleka swali kwa viongozi wa mtaa na kwa mabwana afya, na uombe jibu la maandishi.

Usilime mboga moja kwa moja katika udongo unaoutilia shaka. Tengeneza tuta lililoinuliwa, au tumia magunia na ndoo, ukatia udongo safi na mboji. Mchicha na mboga nyingine za majani, pamoja na mizizi kama karoti na viazi, hubeba udongo na sumu zaidi kuliko mazao ya tunda kama nyanya na biringanya. Osha mboga kwa maji mengi na menya mizizi. Kumbuka kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Watoto wanawe mikono kabla ya kula, kucha zikatwe, viatu vya nje viachwe mlangoni, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa kavu. Walishwe maharage, dagaa, maziwa na mboga za kijani, kwa kuwa mwili wenye chuma na chokaa ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Mtoto anayekula udongo apelekwe kwa daktari, asichapwe.

Arudiye kutoka uwanja wa shabaha anawe mikono na uso kwa sabuni, abadili sare, na sare hiyo ifuliwe mbali na nguo za watoto. Maganda ya risasi yasiwe vitu vya kuchezea.

Betri chakavu za gari zisivunjwe uani, na betri za tochi zisitupwe shimoni wala motoni. Mafuta machafu ya gari yasimwagwe mferejini. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mifereji yake imefaidika. Sheria ya namna hiyo hupata nguvu yake jikoni kabla ya mahakamani. Hatimaye, siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, askari, polisi na raia wanaposhika majembe pamoja, mmoja wao na ashike kalamu. Aandike ni mfereji upi uliozibuliwa, ni taka za namna gani zilizopatikana, na mvua iliyofuata ilipita vipi. Baada ya mwaka mmoja mtaa utakuwa na kumbukumbu ambayo hata mtaalamu kutoka mbali ataiomba.

Turudi basi juu ya kilima cha Kinyinya. Nyumba zitaongezeka, miti itapandwa, na bonde litapendeza macho. Mtoto atakayezaliwa pale hatajua palikuwaje, wala hana haja ya kubeba kumbukumbu hiyo kichwani. Sisi ndio wenye haja ya kuiandika. Siku atakapouliza kwa nini babu zake walitoa fedha nyingi kusafisha tope, asijibiwe kwa hotuba. Afunguliwe daftari: damu ilikuwa hivi, sasa ni hivi, maji yalikuwa hivi, sasa ni hivi, ndege walikuwa wangapi, sasa ni wangapi. Na kama namba hazikubadilika, basi ajue pia, ili amalize kazi tuliyoiacha nusu.